William Perkin: alitafuta kinini, akapata rangi



Siku hizi kuna vioo vya dirisha visivyotaka rido. Unabonyeza kitufe, umeme kidogo unapita, kioo kinageuka bluu ya giza. Unabonyeza tena, kinarudi cheupe na jua linaingia. Vingine vya vioo hivyo vinafanya kazi kwa plastiki isiyo kama ile ya bidoni ao ya sashe. Hii inapitisha umeme, na inabadilisha rangi umeme ukiingia ao ukitoka. Wenye elimu wanaita plastiki za namna hiyo polimeri zinazopitisha umeme.

Moja ya polimeri hizo inaitwa polianilini, na njo ya zamani kati ya zote. Historia yake inashikamana na kijana mmoja wa London ambaye, mwaka 1856, alikuwa na miaka 18 tu. Jina lake William Henry Perkin. Tunaeleza maisha yake leo juu ndani yake kuko makala ya mawe, uchafu wa viwanda, malaria, breve iliyopotea, na sumu katika mwili wa mfanyakazi. Mambo hayo yote tunayajua hapa kwetu.

Mtoto wa seremala

Perkin alizaliwa tarehe 12 Machi 1838 kule Shadwell, mtaa wa mashariki ya London, karibu na bandari. Ulikuwa mtaa wa watu wa kazi: mabaharia, wabeba mizigo, mafundi. Baba yake, George, alikuwa seremala na mjenzi wa nyumba. Watoto walikuwa saba, na William njo alikuwa kitinda-mimba.

Baba alitaka mtoto asome kazi ya kuchora nyumba, juu kazi hiyo inalisha. Lakini kijana alikwisha kuona namna rafiki yake anachanganya dawa na kupata mawe ya chumvi yenye kungaa kama almasi. Toka siku hiyo moyo wake ukashikwa na kemia, ile tunayoita shimi shuleni. Kwenye shule yake, City of London School, shimi haikuwa ndani ya masomo ya kila siku. Mwalimu mmoja, Thomas Hall, aliifundisha saa ya kula. Perkin aliacha chakula chake kusudi aingie. Mwalimu Hall njo alimwendea baba na kumbembeleza amwache mtoto afuate njia yake.

Mwaka 1853, akiwa na miaka 15, aliingia Royal College of Chemistry, shule kubwa ya kemia pale London. Mkubwa wa shule alikuwa Mjerumani, August Wilhelm Hofmann, mtu mwenye akili nyingi ambaye kazi yake ilikuwa ndani ya gudroni. Aliona kijana huyu anafaa, akamfanya msaidizi wake.

Gudroni, uchafu wa makala

Hapa tusimame kidogo, juu bila gudroni hatutaelewa kitu.

Wakati ule umeme wa nyumba ulikuwa bado. Miji ya Ulaya iliwaka taa kwa gazi ya makala ya mawe. Tunayajua makala hayo: kwetu yanapatikana kule Luena. Walikuwa wanayatia ndani ya tanuru lililofungwa, wanayapasha moto bila hewa, gazi inatoka na kupita ndani ya bomba mpaka kwenye taa za barabara. Pamoja na gazi kulitoka kitu cheusi, kizito, chenye kunuka: gudroni. Viwanda vya gazi vilikuwa na gudroni nyingi kupita kiasi. Kidogo walipaka ku mbao za njia ya reli zisioze, kingine walichoma. Mingi ilitupwa ndani ya mito.

Hofmann na wenzake hawakuiona kama uchafu. Walijua kwamba ukiipasha moto pole pole, inatoa vitu vingi kimoja kimoja, sawa vile lutuku inavyotoka ndani ya fyuti: benzeni, naftalini, antraseni, na vingine. Kutoka benzeni unaweza kutengeneza mafuta yanayoitwa anilini. Mjerumani mwingine, Friedlieb Ferdinand Runge, alikuwa amekwisha kuyaona ndani ya gudroni mwaka 1834. Yakiwa safi hayana rangi. Yakikaa wazi kwa hewa yanageuka rangi ya kahawa.

Kutafuta kinini

Mwaka 1856 kitu kilichotafutwa sana kilikuwa dawa ya malaria. Dawa iliyojulikana ilikuwa moja, kinini, nayo ilitoka ndani ya ganda la mti wa quinquina, mti wa milima ya Amerika ya Kusini. Kwetu jina hilo limebaki mdomoni: hata leo mama akisema mtoto ameze kinini, anasema juu ya kidonge chochote. Na mti wenyewe ulifika mpaka Kivu; huko Bukavu kinini inatengenezwa kutoka ganda lake.

Wakati wa Perkin kinini ilikuwa bei kali, na Waingereza waliitaka kwa askari na wafanyakazi wao kule India. Hofmann alikuwa amesema wazi kwamba ingekuwa faida kubwa kama mtu angeweza kuitengeneza kutoka vitu vya gudroni. Perkin akashika neno hilo.

Wakati wa likizo ya Pasaka 1856, Hofmann alisafiri kwenda kwao Ujerumani. Perkin alikuwa na laboratware yake ndogo ndani ya nyumba ya wazazi. Haikuwa na mambo mengi: meza, chupa, taa, maji. Alihesabu atomu za kinini kwenye karatasi, akaona kwamba akichukua kitu fulani cha gudroni na kukiongezea oksijeni, hesabu itatoka sawa. Hesabu kwenye karatasi ilikubali, lakini chupa ikakataa. Alipata unga mwekundu-kahawa, hapana kinini. Leo tunajua sababu: hesabu ya atomu haitoshi, lazima kujua pia namna atomu zimejipanga. Mpango wa kinini haukujulikana hata miaka 50 nyuma ya pale.

Watu wengi wangetupa ule unga na kulala. Yeye alitaka kuelewa. Akarudia kazi ile kwa kitu chepesi zaidi, anilini. Akaichanganya na potasiamu bikromati. Safari hii akapata tope nyeusi, mbaya kwa macho. Akaikausha, akaiosha kwa alkoli. Alkoli ikageuka rangi ya zambarau, ile Wafaransa wanaita mauve. Akachovya kipande cha hariri. Kikashika rangi. Akakifua kwa sabuni, haikutoka. Akakianika juani siku nyingi, haikupauka.

Mushike neno hili, tutarudia: ile mauve ilikuwa sehemu ndogo tu ya tope. Sehemu kubwa iliyobaki ilikuwa nyeusi, haiyeyuki, haina kazi. Perkin aliiweka pembeni.

Baba anatoa akiba yake

Zamani rangi za nguo zilitoka kwenye majani, mizizi, wadudu na konokono wa bahari. Zambarau ilikuwa bei kali kupita zote. Perkin akatuma vipande vya hariri kule Scotland, kwa familia ya Pullar iliyokuwa na kazi kubwa ya kutia nguo rangi. Jibu lilikuja lenye kutia moyo: kama haitakuwa ya bei kali sana, itakuwa kitu kikubwa. Tarehe 26 Agosti 1856 akaingiza breve yake. Alikuwa bado na miaka 18.

Hofmann hakufurahi. Kwa yeye, kijana aliacha elimu kwenda kufanya biashara. Lakini Perkin alitoka shuleni. Baba yake, yule seremala, akatoa akiba ya maisha yake yote kwa kujenga kiwanda. Kaka yake Thomas akaingia pia kwa kazi. Walinunua uwanja kule Greenford Green, inje ya London, kando ya mfereji wa mashua. Walianza kujenga kati ya mwaka 1857, na kabla ya mwaka kwisha walikuwa wanauza rangi.

Hapakuwa na mtu wa kuwaonyesha. Kiwanda cha namna ile hakikupata kuwako duniani. Benzeni waliinunua kwa wenye gudroni, tena ilikuja chafu, lazima waisafishe. Asidi kali waliyohitaji haikuuzwa, wakatengeneza yao. Walichanganya benzeni na asidi ndani ya mapipa makubwa ya chuma, kazi ambayo kosa kidogo linaweza kupasua kila kitu. Kisha waligeuza ile nitrobenzeni kuwa anilini kwa unga wa chuma na asidi ya siki, njia aliyoionyesha Mfaransa Antoine Béchamp mwaka 1854. Halafu Perkin alienda mwenyewe kwenye nyumba za kutia rangi kuwaeleza mafundi namna ya kuifanya ishike ku pamba, juu pamba ilikataa mpaka waitangulizie tanini.

Rangi ikashika dunia. Empress Eugénie wa Ufaransa alipenda mauve. Malkia Victoria wa Uingereza aliivaa ku ndoa ya binti yake Januari 1858. Wanawake wa Paris na London wakafuata. Seremala wa Shadwell na watoto wake wakawa matajiri.

Breve iliyopotea

Lakini Perkin alichelewa kuingiza karatasi zake kule Ufaransa, na breve ya Ufaransa ikamponyoka. Watu wa Lyon, mji wa hariri, wakafanya mauve yao bila kumlipa. Tena jina mauve lenyewe, ambalo dunia yote ilishika, lilitoka kwa Wafaransa. Mwaka 1859, kule Lyon, François-Emmanuel Verguin akapata rangi nyingine ya anilini, nyekundu yenye kuwaka, fuksini. Toka hapo kila mwaka rangi mpya.

Ajuaye kutengeneza hafiki mbali kama karatasi haiko. Sisi wa sandika tunaona jambo hilo kila siku kwa mikataba yetu: maneno ya mdomo ni matamu, lakini mbele ya inspekta wa kazi unaulizwa sahihi na tarehe.

Sumu, na rangi inayokwenda na kurudi

Ndani ya viwanda vipya vya rangi, wafanyakazi walianza kuugua. Nitrobenzeni na anilini zinapita kwenye ngozi na kwenye pumzi. Zinageuza damu ishindwe kubeba hewa. Midomo na kucha zinakuwa bluu, mtu anapata kizunguzungu, akizidishiwa anakufa. Kule London daktari wa kemia Henry Letheby, wa London Hospital, hospitali iliyo karibu na mtaa aliozaliwa Perkin, alichunguza vifo vya watu waliokula sumu ya nitrobenzeni. Alitaka njia ya kuonyesha kwamba ndani ya mwili mulikuwa anilini. Akapitisha umeme wa batri ndani ya anilini iliyochanganywa na asidi.

Ku kipande cha platini ikashika ngozi nyembamba ya rangi: kijani-bluu, kisha bluu nzito. Letheby akaona jambo la ajabu. Ukiichukulia ile ngozi oksijeni yake, rangi inaondoka. Ukiirudishia, rangi inarudi. Aliandika hayo mwaka 1862. Alikuwa anatafuta ushahidi wa sumu, kumbe alikuwa ameshika mkononi kitu ambacho, zaidi ya miaka 100 nyuma, kingewekwa ndani ya kioo cha dirisha.

Mwaka uliofuata, 1863, fundi wa kuchapa vitambaa kule Accrington, John Lightfoot, alifanya anilini igeuke nyeusi ndani ya nyuzi za pamba zenyewe. Kitu kilichosaidia ni shaba: chumvi ya shaba iliharakisha kazi. Rangi ile nyeusi ya anilini ilikuwa ngumu, haikutoka, na ilivaliwa miaka mingi. Ni ndugu ya ile tope nyeusi ambayo Perkin aliweka pembeni.

Wakulima wa garance

Perkin hakusimama ku mauve. Mwaka 1868 alitengeneza kumarini, harufu nzuri ya majani makavu, kutoka vitu vya gudroni. Njia aliyotumia inaitwa kwa jina lake mpaka leo. Kisha akashika alizarini.

Alizarini ni rangi nyekundu iliyotoka ku mizizi ya mmea unaoitwa garance. Suruali nyekundu za askari wa Ufaransa zilitiwa rangi kwa mmea huo, na wakulima wengi wa Vaucluse, kusini ya Ufaransa, walikula kupitia yeye. Mwaka 1868 Wajerumani Graebe na Liebermann wakaipata kutoka antraseni ya gudroni, lakini njia yao ilikuwa ya bei kali. Perkin akatafuta njia ya bei ndogo. Wale Wajerumani pamoja na mwenzao Caro wa kampuni ya BASF walikuwa wanatafuta ileile. Mwezi wa Juni 1869, karatasi za Wajerumani ziliingia London siku moja mbele ya zile za Perkin. Siku moja tu! Wakapatana kugawana soko, na Perkin akabaki na Uingereza. Mwaka huo alitoa tani 1. Mwaka 1870, tani 40. Mwaka 1871, tani 220.

Na wakulima wa garance? Katika miaka michache mashamba yao yalikosa bei. Hawakufanya kosa lolote. Kemia iliwapita tu usiku wamelala. Tunalitaja hili kwa sababu hata sisi tunaishi kwa kitu kimoja ao viwili vinavyotoka udongoni. Leo betri inataka kobalti. Kesho laboratware fulani ya mbali inaweza kuandika njia nyingine.

Mwaka 1874, akiwa na miaka 36 tu, Perkin aliuza kiwanda. Wajerumani walikuwa wamejaza viwanda vyao wanakemia waliosoma, kumi kwa kumi, na yeye aliona lazima kutia makuta mengi sana kusudi awafuate. Tena hakupenda maisha ya mkubwa wa kampuni. Alirudi ndani ya laboratware, akafanya utafiti zaidi ya miaka 30. Watoto wake watatu wa kiume, William, Arthur na Frederick, wote wakawa wanakemia.

Mwaka 1906, miaka 50 kisha ule wa Pasaka, dunia ya kemia ilimfanyia sikukuu, na mfalme akampa cheo cha Sir. Kule Marekani wakaanzisha medali yenye jina lake. Alikufa tarehe 14 Julai 1907.

Kile ambacho sikukuu haikutaja

Mwaka 1895, kule Frankfurt, mganga Ludwig Rehn alikuwa ameonyesha mbele ya waganga wenzake wagonjwa waliofanya kazi katika kutengeneza fuksini. Walikuwa na kansa ya kibofu cha mkojo. Ugonjwa ulikuwa umekuja pole pole, kisha miaka mingi ya kazi. Baadaye ilionekana kwamba wabaya zaidi walikuwa ndugu wa anilini, kama benzidini na naftilamini. Mwaka 1921 Ofisi ya Kimataifa ya Kazi, BIT, ikatoa ripoti juu ya kansa ya kibofu kwa wafanyakazi wa viwanda vya anilini, na ikataka ulinzi: hewa ipite, nguo zibadilishwe, mtu aoge, mganga apime.

Muhesabu wenyewe. Toka kiwanda cha Greenford mpaka Rehn ni miaka 38. Toka Rehn mpaka BIT ni 26. Rangi ilifika kwa malkia ndani ya miaka miwili, lakini ripoti ya kulinda mwili wa aliyeitengeneza ilichukua zaidi ya 60. Hatusemi Perkin alikuwa mtu mbaya. Wote wanaoeleza maisha yake wanasema alikuwa mpole na mwenye kumwogopa Mungu. Tunasema kwamba wema wa patron hauwezi kuchukua nafasi ya kipimo cha mganga.

Tope nyeusi inaamka

Sasa turudie ile tope. Mwaka 1910 Waingereza Green na Woodhead waliipanga kwa hatua, kufuatana na wingi wa oksijeni iliyoingia, wakaipa kila hatua jina lake. Iliyo katikati waliiita emeraldini, juu ya kijani yake. Halafu kitu kikasahauliwa miaka mingi.

Mwaka 1977, Hideki Shirakawa wa Japani, Alan MacDiarmid aliyezaliwa New Zealand, na Alan Heeger wa Marekani walionyesha kwamba plastiki moja, poliasetileni, ikiguswa na iodini inapitisha umeme mara mamilioni kuliko mbele. Watu walishangaa, juu wote tulifundishwa kwamba plastiki inazuia umeme. Njo maana tunafunika waya nayo. Lakini poliasetileni inaharibika hewani. MacDiarmid akatafuta nyingine yenye kuvumilia, na miaka ya 1980 akairudia ile ya wazee: polianilini. Mwaka 2000 wote watatu walipata Nobel ya kemia.

Namna inavyofanya kazi si ngumu. Muwaze mnyororo mrefu, kila shanga ni anilini moja. Ndani ya mnyororo elektroni zinatembea. Batri ikitoa elektroni, mnyororo unaanza kumeza sehemu nyingine ya nuru, na jicho linaona rangi nyingine. Ikizirudisha, rangi ya mbele inarudi. Polianilini ndani ya asidi, ikiwa na elektroni zake zote, karibu haina rangi, ni manjano hafifu. Ukizipunguza inakuwa kijani. Ukizidi kupunguza, inakuwa bluu, mpaka vyole. Volti moja ao mbili zinatosha, sawa batri ndogo ya tochi. Na rangi ikisha kushika, inaweza kukaa muda bila kula umeme mwingine. Njo sababu wanaipenda pia kwa vibao vidogo vya kuonyesha namba na maneno.

Kioo cha dirisha kinapangwa kama mkate wenye vitu katikati. Inje kioo, ndani yake ngozi nyembamba inayopitisha umeme na nuru pamoja, halafu polimeri, halafu jeli yenye chumvi ambayo ioni zinapita ndani yake, halafu ngozi ya pili ya kupokea, na kioo kingine. Ile ngozi inayopitisha nuru mara nyingi ni oksidi ya indiumu na bati. Bati hiyo inatoka ku kasiteriti, jiwe ambalo wandugu wa Kivu na Maniema wanalichimba.

Tuseme ukweli yote: vioo vingi vilivyo tayari ku majengo makubwa havitumii polimeri. Vinatumia oksidi ya tungsteni, ile inayotoka ku wolframiti, nayo tuko nayo mashariki. Polimeri ni nyepesi, inabadilika upesi, inapakwa kama rangi ya ukuta hata ku plastiki inayokunjwa, na iko na rangi nyingi. Lakini inachoka. Jua kali na kugeuzwa mara maelfu kunaiharibu. Wanakemia bado wanapigana na hilo. Kama watashinda, nyumba ya inchi ya jua kali itapunguza joto bila klimatizeri kukimbia mchana wote.

Remblais zetu

Perkin alichukua kitu ambacho wengine walitupa ndani ya mto, na kitu kilekile, ndani ya tope ambayo yeye naye aliweka pembeni, kilikuwa na mali nyingine ambayo yeye hakuiona. Uchafu uko na matabaka. Anayeonekana tajiri ni yule aliyeweza kuupima.

Sisi wa Katanga tuko na mfano mbele ya macho. Tanuru la Lubumbashi lilianza kuyeyusha shaba mwaka 1911, na masazo yake yakapanda mpaka yakawa mlima, ule terili tunaouona kando ya chimine. Watoto walikua wakidhani ni udongo mweusi tu. Kumbe ndani mulikuwa kobalti, zinki, na jermaniumu inayotafutwa kwa nyuzi za optiki na macho ya kuona gizani.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu, wandugu. Kila remblais inapouzwa, délégué wa wafanyakazi aone karatasi ya laboratware inayosema ndani muko nini. Kila mtu anayegusa asidi ao vumbi apate kipimo cha mganga, na kipimo hicho kiandikwe na kihifadhiwe, juu magonjwa mengine yanakuja kisha miaka 20 mtu amekwisha kutoka kazini. Na mtoto anayependa shimi asikatazwe. Baba Perkin alikuwa seremala. Hakuelewa kitu ndani ya zile chupa. Lakini alipoona mwana wake anakubali kuacha chakula kusudi asome, alifungua sanduku lake la akiba.